Akiba ya Klabu ya Mkono Mwepesi

Nchi hiyo ipo, ila usihangaike kuitafuta kwenye ramani. Ramani zake zote ziko kwa mpigachapa, na mpigachapa ameapa kwamba hazitoki mpaka alipwe. Inaitwa Jamhuri ya Heko, na fedha yake inaitwa pongezi. Jina hilo la fedha liliisaidia sana serikali. Kila mwisho wa mwezi Waziri wa Fedha alisimama mbele ya watumishi, akasema, "Ndugu zangu, nawapeni pongezi," kisha akaketi, na kisheria wakawa wamelipwa.

Katika mji mdogo wa nchi hiyo uitwao Mavumo aliishi Bi Tausi Lihawa. Alikuwa amestaafu kazi ya kuunganisha simu, kazi aliyoifanya miaka thelathini na mmoja bila kusikiliza mazungumzo ya mtu hata siku moja, au ndivyo anavyosema mwenyewe. Baada ya kustaafu alichaguliwa kuwa mweka hazina wa Klabu ya Mkono Mwepesi.

Klabu ilikuwa na wanachama kumi na mmoja. Walikutana kila Jumamosi alasiri katika duka la kinyozi la mwenyekiti wao, Bwana Selemba, nywele zikishafagiliwa. Walifua mashuka ya zahanati, wakaziba mashimo ya barabara ya sokoni, wakawasomea barua wazee ambao macho yamechoka. Hawakulipwa hata senti. Watumishi wa serikali hawakuona ajabu, maana nao hawakulipwa. Kilichowashangaza ni kwamba watu hawa walikuwa wanafanya kazi.

Fedha za klabu zilitokana na ada za wanachama na vitumbua alivyokaanga Mwajabu, mwanachama mdogo kuliko wote, siku za mpira. Katika kila pongezi kumi zilizoingia, Bi Tausi alichukua moja akaitia kwenye kopo la biskuti juu ya kabati la kinyozi. Alifanya hivyo miaka kumi na tisa. Wenzake walipomuuliza anafanya nini, alijibu, "Naweka akiba." Wakamtaka aeleze, kwa kuwa neno hilo halikuwa limesikika nchini kwa muda mrefu. "Ni fedha za siku ambayo jambo haliwezi kungoja," alisema.

Mwaka huo siku yenyewe ilikuwa njiani. Kitanda cha kujifungulia cha zahanati kilikuwa kimevunjika miguu yote minne, na akina mama wa Mavumo walikuwa wakijifungua juu ya kaunta iliyoazimwa posta. Kaunta ilikuwa imara, hakuna aliyelalamikia hilo. Tatizo lilikuwa ufupi wake, na kile kibao kilichopigiliwa misumari kisichotoka: "Stempu Hapa." Mwajabu alikuwa na mimba ya miezi saba, mimba yake ya kwanza, na kila alipopeleka mashuka zahanati alikitazama kibao kile, akarudi hana hamu ya kula.

Klabu ikapiga kura. Kitanda kipya kingekuja kutoka bandarini baada ya wiki sita, bei pongezi laki sita na elfu ishirini na tano. Kopo lilikuwa na laki sita na elfu arobaini. Bi Tausi alizihesabu mara mbili, akacheka peke yake.

*

Sheria ya Heko iliitaka kila klabu ipeleke taarifa ya fedha kwa Msajili wa Vyama, kila mwaka, nakala tatu. Ilikuwa sheria nzuri sana, na mtu pekee aliyeifuata alikuwa Bi Tausi. Kwa miaka kumi na minane taarifa zake zilifungiwa karanga kwenye kantini ya wizara. Mwaka wa kumi na tisa muuza karanga aligoma kwa madeni, karani akajikuta ameshika karatasi isiyo na karanga ndani. Kwa kukosa la kufanya, akaisoma.

Kufikia saa nne karatasi ilikuwa mezani kwa Waziri wa Fedha, Mheshimiwa Dakta Mburuza.

"Hizi sifuri ni ngapi?" aliuliza.

"Nne, Mheshimiwa."

"Ziko mbele au nyuma?"

"Nyuma, Mheshimiwa."

Waziri alikaa chini. Hazina ya taifa asubuhi hiyo ilikuwa na pongezi elfu kumi na tano na mia mbili, pamoja na hundi ya Waziri mwenyewe ambayo benki ilikuwa imeirudisha kwa heshima zote.

Jumatatu msafara wa magari kumi na manne uliingia Mavumo. Matatu ya mwisho yalikuwa yanasukumwa. Waziri alishuka, akatandikiwa zulia lililofika katikati ya uwanja likaishia hapo, akaruka matope yaliyobaki, akaingia kwa kinyozi.

"Shikamoo, mama," alimwambia Bi Tausi.

"Marahaba, mwanangu. Unanyoa au ndevu tu?"

Waziri hakuja kunyoa. Alipanda juu ya kiti cha kuzunguka, Bwana Selemba akakishikilia kisizunguke, hotuba ikaanza.

"Ndugu wananchi! Mataifa makubwa yana dhahabu. Yana mafuta. Yana makombora ya kuvuka bahari. Sisi tuna nini?" Akanyosha kidole juu ya kabati. "Sisi tuna kopo!"

Bendi ya matarumbeta ikapiga.

"Na kopo hilo, kuanzia saa hii, msiliite tena kopo. Ni Nguzo Kuu ya Uthabiti wa Uchumi wa Jamhuri!"

Bi Tausi aliinua mkono. "Mheshimiwa, fedha hizo zina kazi. Tunanunua kitanda cha kujifungulia."

"Mama yangu, serikali haichukui hata pongezi moja!" alisema Waziri, na kiti kikamzungusha mpaka akawa anauambia ukuta. "Tunaziomba zikae tu. Zikae hapo hapo, ndani ya kopo lenu, nasi tuziandike kwenye vitabu vyetu. Kukaa kuna ubaya gani?"

Watu walipiga makofi. Tusimfiche mtu: Bi Tausi naye alifurahi. Tangu azaliwe hakuna mkubwa aliyewahi kumtafuta, isipokuwa wa kumwomba amuunganishie simu. Jioni alinunua kilemba kipya cha rangi ya zambarau. Waziri alipoondoka aliiomba klabu mchango wa petroli, na kwa kuwa hapakuwa na mchango, Bwana Selemba alimnyoa bure.

*

Askari sita waliletwa kulilinda kopo, chini ya Sajenti Mkwiru, mtu mrefu aliyelazimika kuinama kila alipoingia mlangoni na kusahau kuinama kila alipotoka. Redio ya Taifa ikaanza kutangaza kila asubuhi, baada ya hali ya hewa, hali ya kopo.

"Kopo limeamka salama," mtangazaji alisema kwa sauti nzito. "Kutu, hakuna. Mchwa, hakuna. Upepo unavuma kuelekea kaskazini, lakini hautarajiwi kuliathiri."

Thamani ya pongezi ikapanda. Mawaziri wakaja mmoja mmoja kupiga picha na kopo, wengine wakitabasamu, wengine wameweka mkono kifuani. Wateja wa Bwana Selemba walitakiwa kwanza kupekuliwa, kwa kuwa walikuwa wanaketi mita mbili tu kutoka kwenye uchumi. Na kilele cha mambo ni kwamba Benki ya Marafiki wa Mbali, iliyokuwa imekataa kuikopesha Heko hata pesa ya bahasha, iliandika barua: itatuma mkaguzi, aione akiba kwa macho yake, kisha mkopo utoke. Siku ikapangwa: Jumamosi, saa tatu asubuhi.

Lakini Jumatano ya wiki hiyo hiyo muuzaji wa kitanda alituma ujumbe. Kitanda kimefika. Kikikaa bila kulipiwa mpaka Ijumaa jioni, kuna hoteli inakitaka kwa ajili ya masaji.

Na Nesi Ruzuna wa zahanati naye alituma ujumbe. Mwajabu ameanza kuvimba miguu, mtoto ameshuka. Ni siku yoyote sasa.

Bi Tausi alijifunga kilemba chake, akaenda kwenye Ofisi ya Kopo. Ofisi hiyo ilikuwa imefunguliwa ndani ya posta, ikiwa na mkurugenzi mmoja, manaibu watatu na kiti kimoja. Mkurugenzi ndiye aliyekuwa na zamu ya kukaa.

"Nimekuja kuchukua fedha za klabu," alisema Bi Tausi.

"Kuziangalia au kuzitumia?"

"Kuzitumia."

Manaibu watatu walishtuka kwa pamoja.

"Mama," mkurugenzi alisema kwa upole, kama anayezungumza na mgonjwa, "akiba ikitumika si akiba tena. Ni matumizi. Na matumizi hayajatengewa fungu."

"Sasa mnafikiri niliweka kwa ajili gani?"

"Ili iwepo."

"Miaka kumi na tisa naikusanya ili iwepo?"

"Ndiyo heshima yake!"

Bi Tausi aliegemea mahali ambapo zamani palikuwa na kaunta, akakumbuka kaunta iko wapi, akasimama wima. "Kuna binti anajifungua wiki hii. Analazwa juu ya kibao cha stempu."

Mkurugenzi alifungua daftari. "Zahanati ya Mavumo imo kwenye Mpango wa Miaka Arobaini. Ukurasa wa pili kutoka mwisho."

"Mtoto hangoji miaka arobaini."

"Basi mama yake ajaze fomu ya kuomba kuongezewa muda."

Bi Tausi alitoka bila kuaga. Alijiona mjinga. Alikuwa amenunua kilemba kwa ajili ya watu hawa.

*

Alhamisi alasiri aliitisha mkutano wa dharura. Wanachama kumi walibanana kwenye duka la kinyozi, Mwajabu akiwa kitandani kwake, na askari sita wakiwa wamejipanga kulitazama kabati.

"Nasema wazi, mbele ya serikali," Bi Tausi alianza, akiwaonesha askari. "Fedha ni zetu na siku yake imefika. Anayekubali tununue kitanda anyoshe mkono."

Mikono tisa iliinuka. Bwana Selemba alikuwa anaupangusa mkasi ambao ulikuwa umeshatakata.

"Bi Tausi, tutafungwa."

"Wapi? Gereza limefungwa tangu Machi kwa kukosa makufuli."

Bwana Selemba alifikiri, akaona ni kweli, akanyosha mkono na mkasi wake ndani.

Ikabaki Sajenti Mkwiru. Alikuwa amekakamaa kama nguzo, jasho linamchuruzika.

"Mwanangu," Bi Tausi alimwambia, "hebu nisomee amri uliyopewa."

Sajenti alitoa karatasi mfukoni. "'Kopo lisiguswe na raia, lisisogezwe, lisitikiswe, wala lisitazamwe kwa dharau.'"

"Fedha zilizomo?"

Aligeuza karatasi, akatazama nyuma, akairudisha mbele. "Fedha hazijatajwa."

"Kifuniko?"

"Kifuniko ni sehemu ya kopo, mama. Hapo siwezi." Akasita. Yeye na vijana wake walikuwa hawajalipwa miezi mitano, na tangu wafike Mavumo walikuwa wanaishi kwa vitumbua ambavyo Mwajabu aliwapa na kukataa kuviandika kwenye daftari la mkopo. Sajenti alisafisha koo. "Ila kifungu cha tatu kinasema mlinzi alipanguse vumbi kila siku."

"Leo umelipangusa?"

"Bado."

Alitoa kitambaa, akaanza kupangusa kwa bidii ambayo jeshi la Heko halikuwa limeionesha tangu liundwe. Kifuniko kikaruka, kikaangukia kwenye beseni la maji ya kunyolea.

"Kikosi!" Sajenti alipaza sauti. "Geuka... nyuma!"

Askari wote wakageukia ukuta. Bi Tausi akaingiza vidole viwili, kama mtu anayechomoa mwiba, akatoa vifurushi vya noti kimoja kimoja bila kugusa ukingo. Wanachama wakahesabu kwa kunong'ona. Walipomaliza, Sajenti aliamuru kikosi kigeuke mbele, akafunika kopo, akatangaza kwamba halina vumbi hata chembe.

Ijumaa saa tisa kitanda kiliingia mjini kwenye mkokoteni wa punda wawili, miguu yake ya chuma inang'aa hata watoto wakakikimbilia wakidhani ni gari la rais.

*

Jumamosi saa tatu, Waziri alikuwa amesimama mbele ya duka la kinyozi na bendi yake. Mkaguzi wa Benki ya Marafiki wa Mbali, Bi Ingelda Brokk, alikuwa mama mfupi wa nywele za mvi, aliyejifunza Kiswahili kwenye vitabu na hivyo kukizungumza vizuri kuliko baraza zima la mawaziri.

"Tafadhali nionesheni," alisema.

"Tazama, dunia!" alipaza sauti Waziri, akafunua kopo kwa mikono miwili.

Bendi ilipiga noti tatu, ikanyamaza. Ndani mlikuwa na karatasi moja.

Waziri aliitoa. Ilikuwa risiti ya kitanda, iliyotiwa humo wakati wa kupangusa vumbi la Ijumaa. Aliisoma kimya, midomo ikicheza. Uso wake ulibadilika rangi mara kadhaa, na mwisho ukatulia kwenye ya majivu.

"Akiba," alisema kwa sauti nyembamba, "imehamishiwa... kwenye tawi."

"Tawi liko wapi?" aliuliza Bi Ingelda.

"Zahanati," alijibu Bi Tausi kutoka kwenye umati. "Twende tu, si mbali."

Wakaandamana. Mbele Bi Tausi, nyuma yake mkaguzi, nyuma yao Waziri akimnong'oneza Sajenti aandae pingu, na Sajenti akimnong'oneza kwamba pingu ziko rehani. Bendi ilifuata ikipiga wimbo wa taifa, kwa kuwa hakuna aliyeiambia iache.

Mlangoni pa zahanati alisimama Nesi Ruzuna, mikono imejaa povu.

"Hakuna kuingia. Mwajabu anajifungua."

"Mimi ni Waziri wa Fedha!"

"Wewe ni mwanamume. Kaa kwenye benchi."

Waziri akakaa. Bi Ingelda akakaa karibu naye. Bi Tausi hakukaa. Alitembea kutoka ukuta mmoja hadi mwingine, na kila sauti ya Mwajabu ilipopenya mlangoni, aliubana mkono wa Bwana Selemba hata Bwana Selemba akawa analia kabla ya mtu mwingine yeyote. Mambo yalichukua saa mbili na zaidi. Wakati mmoja ukimya ulikuwa mrefu mno, mpiga tarumbeta akaliweka tarumbeta chini, Bi Tausi akapeleka mikono kinywani.

Kisha mtoto akalia. Alilia kwa hasira, kwa mapafu mazima, kama mtu aliyeulizwa kitambulisho.

"Wa kike!" Nesi Ruzuna alipaza sauti. "Kilo tatu na robo! Mama mzima! Na mtoto alitanguliza miguu, jamani, miguu! Juu ya ile kaunta ningewapoteza wote wawili."

Bi Tausi akakaa chini sakafuni, pale pale, kilemba cha zambarau kikamwangukia machoni, akakitumia kufuta machozi.

Bi Ingelda alitoa kalamu. "Kwa hiyo akiba imetumika yote?"

"Yote, isipokuwa chenji. Chenji tumemlipa mwenye punda."

Mkaguzi aliandika kwa muda mrefu. "Nimekagua nchi thelathini," alisema hatimaye. "Nimeoneshwa ghala, masanduku, na mara moja shimo. Hii ndiyo mara ya kwanza naoneshwa kitu ambacho akiba imenunua." Akafunga daftari. "Mheshimiwa Waziri, nchi yako haikopesheki. Lakini klabu hii inakopesheka. Bi Tausi, mnahitaji kiasi gani?"

"Ahsante, mwanangu. Sisi hatukopi."

*

Nchi ilitarajiwa kuanguka mchana huo. Mawaziri walifunga mabegi, na wawili waligongana kwenye mlango wa nyuma wa ikulu. Lakini mtangazaji wa Redio ya Taifa, ambaye kazi yake ilikuwa kutoa habari njema na kutouliza zaidi, alipata taarifa nusu nusu kwa simu mbovu, akasoma hivi kwenye habari za saa saba:

"Akiba ya Taifa, iliyokuwa Mavumo, leo asubuhi imezaa. Imezaa kilo tatu na robo. Faida hiyo ina afya njema na inanyonya."

Wananchi walijaa mitaani kwa shangwe. Fedha za Heko hazikuwa zimewahi kuzaa. Thamani ya pongezi ilipanda mpaka muuza karanga akarudi kantini kwa hiari yake, na rais akaona heri asimkosoe mtangazaji. Alimkosoa Waziri. Alimpa Dakta Mburuza pongezi, za mdomo, kwa utumishi uliotukuka, akampa na dakika kumi za kutoka ofisini.

Wiki tatu baadaye, Jumamosi alasiri, klabu ilikuwa katikati ya mkutano. Mwajabu alikuwa amerudi, mtoto mgongoni, na Sajenti Mkwiru alikuwa anakula kiapo cha mwanachama wa kumi na mbili, huku anasugua paji la uso aliloligonga mlangoni. Mtu mmoja asiye na msafara alichungulia, viatu vimejaa vumbi.

"Shikamoo, mama," alisema Dakta Mburuza. "Mnapokea wanachama?"

Wote walimtazama Bi Tausi. Bi Tausi alimtazama yeye, kwa muda wa kutosha.

"Marahaba. Kiingilio pongezi mia tano."

Dakta Mburuza alipapasa mfuko wa koti, wa shati, wa suruali, akarudi kwenye wa koti. "Sina, mama."

"Utalipa ukipata. Mashuka ya zahanati ni hayo, sabuni ile pale."

Alivua koti, akalitundika msumarini. Aliinama juu ya beseni, akasugua shuka la kwanza, kisha akashindwa kuvumilia.

"Samahani, mama. Siulizi kwa ubaya. Ndani ya kopo sasa hivi mna kiasi gani?"

"Elfu tatu na mia saba."

"Taslimu?"

"Taslimu."

Dakta Mburuza alishusha pumzi, akalitazama lile kopo juu ya kabati kwa macho ya mtu aliye mbele ya mlima.

"Mungu wangu," alisema, akakunja mikono ya shati. "Zote hizo?"